Daftari la Vikambare

Jumanne, alfajiri, wa kwanza.
Amelala ubavu juu ya mchanga, sharubu zimenyooka,
kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema.
Nikamtoa kwa chujio la chai,
nikaandika kurasa za nyuma za daftari la kazi:
mmoja, kambare, hana jeraha.

Mimi ni msoma mita. Tabata yote, Relini hadi Segerea,
najua nani anadaiwa maji na nani ana bomba la kificho.
Siwezi kushindwa na sanduku la kioo la lita themanini
lililokaa kati ya televisheni na cherehani ya mke wangu.

Ijumaa, wa pili.
Wale wa juu, wenye mikia kama pindo za khanga,
wanazunguka tu, wanagombea chembe,
hakuna hata mmoja aliyepauka.
Maji ni yale yale. Joto ni lile lile.
Kwa nini kifo kishuke ngazi zote hizo
kikiwapita walio mlangoni?

Nikaanza na ninachokijua.
Klorini: nikayalaza maji kwenye ndoo siku mbili, bila kifuniko.
Wa tatu akafa.
Chumvi: labda boza lilituletea ya kisima;
nikaonja kwa ncha ya ulimi kama mpishi wa shughuli.
Wa nne.
Umeme: juma lile ulikatika mara tatu,
na pampu ya hewa ikanyamaza
kama mgeni aliyeambiwa chakula kimeisha.
Nikanunua ya betri kwa Kondo, Kariakoo,
elfu ishirini na tano, hapunguzi.
"Kambare hafi ovyo, mzee, huyo mtu wa matope.
Labda mnamvimbisha."
Tukapunguza chakula.
Wa tano.

Mama Tulizo alipopita kuazima pasi
alikitazama kioo, akasema, "Hapa pana jicho."
Nikamwambia yapo kumi na sita, ya samaki, tuyahesabu.
Lakini usiku ule nilitundika kitenge
upande unaotazamana na dirisha lake.

Mlishaji ni binti yangu, Sikudhani, miaka tisa.
Ameacha kuniuliza.
Asubuhi anasimama mlangoni
ananitazama mimi kwanza, ndipo akitazame kioo.

Jumapili nikazamisha mkono hadi kiwiko,
nikitafuta konokono tu, wallahi, konokono aliyeoza.
Kidole kikaingia mchangani. Kikazidi kuingia.
Chini ya mchanga mweupe, mchanga mweusi
kama masizi ya sufuria,
na humo likapanda povu moja, nono, lisilo na haraka,
likanipasukia usoni:
yai viza.

Nikakaa chini.
Mchanga ule niliubeba mwenyewe, mkesha wa Idi, debe zima.
Sikudhani alitaka mlima. Nikampa mlima.
Shibiri nzima ya mchanga laini, usiopitisha pumzi,
na kila chembe tuliyoimwaga kwa mapenzi
ikazama humo, ikaoza taratibu, ikawa hewa chafu;
nao, wanaokula kwa kuinamisha kichwa,
walikuwa wakiibusu kutwa mara mia.

Nimesoma mita miaka kumi na tisa.
Nafunua mfuniko, natazama namba, nafunika.
Sijawahi kufukua.

Wa sita yu hai.
Yumo kwenye beseni la vyombo,
plastiki tupu ya bluu, hakuna punje.
Anapapasa kwa sharubu, anapapasa, hapati kitu.
"Anatafuta nini?" Sikudhani ameuliza,
neno lake la kwanza kwangu tangu juma lililopita.
Nikafungua daftari.
Halina safu ya hilo.